Sitoi Mji kwa Consolata

Jumatatu, 4 Machi 1985

Wewe uliyechana kurasa nane za mwisho za kitabu changu, nisikilize. Sikujui bado, lakini nitakujua. Huna haya! Mtu akikuibia kuku, pengine kakuachia yai. Mtu akikuchania mwisho wa hadithi kakuachia nini? Mikono yako na iwashwe na upupu mpaka Idi. Na ikiisha Idi, iendelee.

Nimeandika laana kwanza nisije nikaisahau. Sasa mambo yenyewe.

Kitabu ni cha sita katika vile vya Bi Ghanima. Kaniletea Uweso, kondakta wa basi la Mombasa, mtu mzima mwenye mvi zake. Alikuja juzi Jumamosi na shikamoo tatu: moja mlangoni, moja ukumbini, moja akitoka. Ana adabu yule.

Bi Ghanima ni mshona kofia wa mji unaoitwa Kisima Kongwe. Usiutafute, hauko popote, uko kitabuni. Kila kitabu anakufa mtu mmoja, na kila anayekufa alikuwa mbaya, kwa hiyo hatuhangaiki naye. Bi Ghanima anakunywa chai, anadunga sindano, anauliza watu maswali ya kipuuzi. Ikifika ukurasa wa tisini na mbili, anamtaja mwovu. Hakuna damu zulia zima. Hakuna matusi. Paka wake anakula kila siku. Na kilichopotea kinapatikana! Mie nina miaka sitini na saba duniani, sijaona kilichopotea kikapatikana. Mwaka juzi yalipotea magunia sita ya sukari katika duka la ugawaji la mtaa wetu. Wakubwa walikuja na kalamu, wakaandika, wakaondoka. Mpaka leo. Wangekuwa Kisima Kongwe, kurasa tisini na mbili tu!

Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha ngumbaro, nina wajukuu tayari. Nasoma kwa kidole. Kidole changu hakijamtoa mtu jicho. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa hapa Chumbageni hukaa barazani kwangu nikawasomea. Wao mkekani, mie kitini. Kiti hiki sikukirithi, nimekisomea.

Na Consolata anakitaka.

Huyu ni jirani, ukuta kwa ukuta. Mjane wa nyapara wa mkonge wa Pongwe. Amesoma misheni mpaka darasa la nne, na ana miwani, basi anajiona hakimu. Naye kaletewa kitabu hiki hiki na mpwawe, keshakimaliza. Leo kachungulia juu ya ukuta. Kasema, ati Dada Mwatumu, nasikia kitabu chako kimekatika mkia. Kasema kama Alhamisi sina mwisho, wanawake wahamie kwake, benchi zipo, na yeye hasomi kwa kidole. Au nikiri mbele ya watu kwamba nimeshindwa, nimpe mji, kama mtoto aliyeshindwa kitendawili. Hapo ndipo ataniambia muuaji nani.

Nimpe mji! Mie, mzaliwa wa Wete! Nimemjibu sitoi mji, hata kitongoji sitoi, hata kichochoro. Kacheka na miwani yake.

Siku tatu zimebaki.

Jumanne, 5 Machi

Hila ya kwanza. Bi Ghanima akimtafuta mwizi huwaita washukiwa wote kunywa chai, akawatazama vidole. Na mie nikaita. Walioshika kitabu changu ni watatu: Khairiya mke wa mwanangu Hilal, maana ndiye anayefagia, Maryam jirani, alikiazima Jumapili kutazama picha ya jalada, na Uweso aliyekileta. Sukari hakuna, chai ikanywewa kwa tende.

Uweso kafika wa kwanza. Kaja na kipande cha sabuni. Nyeupe! Inanukia! Tangu mwaka jana waliporuhusu watu kuingiza vitu, mwenye nafasi ndani ya basi ni sultani. Kaisifu chai. Kauliza hali ya mgongo wangu, kauliza na hali ya goti. Nikamtoa katika washukiwa pale pale.

Khairiya kacheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenye hatia hucheka, au hachekagi? Nimesahau kitabu kinasemaje. Nikamwacha maana ndiye mpishi.

Maryam kaficha mikono ndani ya kanga. Aha! Nikasimama. Nikashika sindano kama Bi Ghanima, ingawa sijui kushona hata kifungo. Nikamwamuru atoe mikono mbele ya mashahidi. Kaitoa. Ni hina! Hina ya siku hizi isiyokolea, mkono mmoja mwekundu, mmoja rangi ya uji, na mwenyewe alikuwa anaona aibu. Kalia machozi. Kasema miaka ishirini ya ujirani, tumezikana, tumeozeshana, leo Bi Mwatumu waniita mwizi wa karatasi! Kaondoka tende haijamalizika. Nimechungulia kwenye tundu la ukuta. Kaingia kwa Consolata.

Uweso kanifariji sana. Kasema kweli Bibi, watu wameharibika, hawana huruma na vitabu. Machozi yalimlengalenga. Mtu mwema yule.

Basi nimepoteza msikilizaji mmoja. Na bado nasema ni Maryam.

Jumatano, 6 Machi

Hilal kanijia asubuhi na uso wa mawaidha. Kasema mama, watu wanasema. Ati mama mtu mzima anashika tasbihi, hashiki vijitabu vya wauaji. Nikamwuliza Mungu kanipa mikono mingapi. Kasema miwili. Nikamwambia basi, mmoja wa tasbihi, mmoja wa kitabu, wewe nenda kazini. Kaenda.

Hila ya pili, na hii ni kubwa. Kama mwisho umeibwa, mwisho nitautunga mwenyewe.

Nimeanza upya ukurasa wa kwanza nione alama zilizoachwa. Ee, raha ya kurudia! Mara ya kwanza unakimbia kama unafukuzwa na mvua. Mara ya pili unatembea. Unaona kwamba Mzee Mselem, yule mwenye nyumba za kupangisha, alilalamika halua chungu kabla hajaanguka. Unaona mkunga kaja na kapu jipya. Unaona mpwa wa marehemu hakula. Unaona karani wake kashika mwavuli na jua linawaka. Na ile sura ya tano, Bi Ghanima anakaanga samaki huku anafikiri, nimeisoma mara tatu, nimesikia na harufu. Kumbe harufu ilikuwa ya wali wangu unaungua. Khairiya kapiga kelele. Nikamwambia asinisumbue, nina maiti hapa.

Sasa, muuaji nani? Mpwa simtaki, ana mama mgonjwa. Mkunga simtaki, mie nimezalishwa na wakunga mara saba. Karani ni mtu mpole, anasalimia kila mtu kwa jina, hawezi kuua hata nzi. Nimefikiri mpaka adhuhuri. Halafu nikampata!

Ni meneja wa duka la ugawaji. Hayumo kitabuni hata mara moja. Ndivyo wajanja wanavyojificha!

Khairiya kanishonea kurasa nane za daftari nyuma ya kitabu ili kinenepe. Kasema mama, Consolata anaujua mwisho. Nikamwambia Consolata aujue wake, mie naujua wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Hasira zimenijaa. Naandika hivyo hivyo.

Wamekuja kumi na mmoja. Consolata naye kaja, kitabu chake kwapani, Maryam pembeni yake kama mdhamini. Nikavaa kanga mpya. Nikasafisha koo. Nikasoma mpaka ukurasa wa themanini na nane, nikafunua karatasi nyeupe, nikaweka kidole, nikaendelea. Hakuna aliyegundua! Kidole kilitembea mstari kwa mstari juu ya karatasi isiyo na herufi hata moja. Nani alisema kidole ni aibu?

Nikasema Bi Ghanima kawakusanya watu uwanjani. Nikasema katoa sindano, kaielekeza kulia, kaielekeza kushoto, halafu kaielekeza kwa meneja wa duka. Meneja kajikojolea. Chini ya kitanda chake wakakuta magunia sita ya sukari! Mzee Mselem aliyaona, ndiyo maana kalishwa halua ya sumu. Wanawake wakainuka. Mmoja katupa kandambili zake hewani. Wakapiga vigelegele, wakataka meneja afungwe, wakataka nisome tena pale alipojikojolea. Nikasoma tena, safari hii na mbwa kambwekea.

Mbwa ndiye aliyeniponza. Consolata kavaa miwani. Kauliza mbwa huyo yuko ukurasa wa ngapi. Nikasema tisini na mbili. Kasema yeye kwake ukurasa wa tisini na mbili hauna mbwa, hauna meneja, hauna hata gunia. Kaomba tutazame pamoja. Maryam akanyoosha mkono wake wa rangi ya uji, kanichomoa kitabu. Kurasa nyeupe zikaonekana na watu wote.

 

Consolata kasema kwa sauti ya kanisani: Dada Mwatumu, kubali yaishe. Toa mji.

Nikatazama nyuso. Wote wanataka kumjua muuaji, mie zaidi yao. Nikasema haya, Consolata, chukua Pongwe. Kakataa! Kasema Pongwe ameishi miaka kumi na miwili na mkonge, ni kwake tayari, hapewi mtu mji wake. Nikasema chukua Horohoro. Kasema akafanye nini Horohoro mpakani, apekuliwe mabegi? Watu wakacheka. Kasema nipe mji wa maana, nipe Wete.

Wete! Nilikozaliwa! Walikolala wazee wangu!

Hapo akili ikanijia. Bi Ghanima mwenyewe angenipa mkono. Nikafikiri, nitampa mji usiokuwepo, nitakuwa nimetoa na sijatoa. Nikasema kwa sauti: chukua Kisima Kongwe!

Consolata kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Halafu kasimama. Kasema naupokea. Kasema nimefika Kisima Kongwe, nimepokewa kwa ngoma na tarumbeta. Nimelala kitanda cha Bi Ghanima. Nimekunywa chai yake, yenye sukari. Paka wake ananijua kwa jina. Na kwa kuwa mji ni wangu, kuanzia leo habari zote za mji huu zitasomwa barazani kwangu.

Vigelegele! Vikubwa kuliko vya meneja! Mji ukishatoka mdomoni haurudi, sheria hiyo naijua toka sina meno. Nimemkatalia Wete nikampa ufalme!

Kisha kawaambia muuaji. Ni karani mwenye mwavuli. Sumu ilikuwa ndani ya mpini. Mmoja kauliza, na meneja je? Consolata kasema hakuna meneja. Wakanuna wazi wazi. Maryam mwenyewe kasema basi angalau angekuwepo hata kidogo.

Wameondoka na mkeka wangu mmoja.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya sala kaja Uweso. Shikamoo zilikuwa nne. Kavua kofia, ndani yake karatasi zimekunjwa. Kurasa zangu nane!

Kasema Jumamosi ile alianza kusoma tangu Mombasa, basi likaingia Tanga yuko ukurasa wa themanini na nane. Hakuweza. Kasema Bibi, ningekufa. Kachana zilizobaki amalizie nyumbani, arudishe kesho yake, lakini mkewe kazichukua, na shemeji yake kazichukua, na jana ndipo zimerudi. Kapiga magoti kabisa. Kasema ni yeye.

Simwamini. Mtu mpole kiasi kile, mwenye shikamoo nne! Anamfichia Maryam. Nimemwambia ainuke, aende zake, nimemsamehe kosa asilolitenda.

Nimezisoma mara mbili. Consolata kasema kweli, ni karani. Lakini kaharibu! Hakusema kwamba Bi Ghanima aligundua kwa sababu mwavuli uliachwa wazi ukumbini na paka hakutaka kulala chini yake. Hakusema kwamba baada ya yote, mkunga na mpwa walikula samaki pamoja, na Bi Ghanima akaanza kofia nyingine. Hapo ndipo penye raha! Muuaji ni mfupa tu, nyama iko pembeni. Yule anasoma kama anakimbilia basi. Na mji ule mtamu uko mikononi mwake!

Jumamosi, 9 Machi

Habari mbaya. Kitabu cha saba kimefika, na kimefika kwa Consolata. Kinahusu saa ya kadhi iliyosimama. Kakiweka dirishani, jalada linanitazama. Kuna picha ya paka.

Hilal kasema mama, hilo ni funzo, kaombe radhi kwa Maryam na uishi na watu vizuri. Nimemwuliza radhi ya nini, na mwizi ni yeye. Nimeapa sitakanyaga baraza ile. Nimeapa mara mbili. Kiapo cha pili kimekula cha kwanza, kwa hiyo niko huru.

Khairiya, najua unasoma daftari hili nikilala mchana, basi pokea amri. Alhamisi, saa tisa kamili, nenda kwa Consolata kabla ya wote. Tandika mkeka wangu mkubwa mbele kabisa, mahali mate ya msomaji yanapofika. Usiombe ruhusa. Maryam akiwa amekaa hapo, msogeze. Mie nitakaa, nitanyamaza kama maji mtungini, mpaka ukurasa wa kumi. Hapo nitakohoa mara moja, na wewe sema kwa sauti wote wasikie: Mama keshamjua mwovu. Ukiniona sikohoi, ujue bado sijamjua. Basi kohoa wewe, tena usikome, asisikike msomaji mpaka nimjue.