Kuku wa Ukoko kwa Wakwe wa Kandida

Jumatano, 7 Novemba 1984
Nimeamua. Jumapili wazee wa Mbulu wanakuja kumposa binti yetu Kandida, na hawatakula mbuzi wa kuchoma kama watu wa kawaida. Watakula kuku wa chenga! Vipande vilivyochovywa kwenye yai, vikagaragazwa kwenye chenga za mkate, vikakaangwa, na bakuli la sosi ya kuchovya pembeni. Nilivila Arusha, semina ya makarani. Hapa kijijini Bagara hakuna mwingine aliyewahi kuvila. Mke wangu Romana kauliza mkate nitautoa wapi. Nimemwambia mambo madogo aniachie mimi. Kaka yake, shemeji Tadeo, kajitolea mbuzi. Nimekataa kwa heshima. Kacheka bila heshima.

Alhamisi, 8 Novemba
Mkate hakuna. Unga wa ngano hakuna. Mafuta ya kula ndiyo usiulize. Foleni ndefu duka la ushirika. Nimetoka na kipande cha sabuni. Nimerudi nyumbani, nikakuta Romana analoweka sufuria ya ugali. Ukoko! Ukianikwa na kutwangwa, chenga tupu. Akili hii haifundishwi shuleni.

Ijumaa, 9 Novemba
Ukoko umekauka vizuri juu ya bati. Kuku wa jirani wamekula nusu. Mafuta yamepatikana mnadani: ya mkia wa kondoo, kibuyu kizima, kwa Meijo mfugaji, tumebadilishana na sabuni. Kanionya yaliwe yangali ya moto. Nimemjibu kwamba nimesoma. Romana aliitaka ile sabuni. Hajasema nami tangu adhuhuri.

Jumamosi, 10 Novemba
Siku ya sosi. Nyanya, pilipili, ukwaju badala ya siki, asali badala ya sukari. Romana kapika, mimi nimesimamia. Nimeonja vijiko sita, nimepiga chafya kumi. Tadeo kapita, kaonja, kanyamaza. Hajawahi kunyamaza tangu nimwoe dada yake! Jioni nimemchinja jogoo. Ni mzee kidogo, lakini na mimi pia.

Jumapili, 11 Novemba
Wageni walitarajiwa saa sita. Saa tano nimekaanga vyote. Rangi ya dhahabu! Nikafunika sinia kwa kitambaa. Lori lao likaharibika njiani. Wakafika saa tisa. Nikafunua. Sinia nyeupe. Mafuta yameganda, vipande vimeshikana kama matofali. Romana akanong'ona vipashwe moto. Nikakataa. Arusha sinia hairudi jikoni.

Mshenga wao, Mzee Xaveri, akashika kipande kimoja. Sinia nzima ikainuka nacho. Akakibandua, akatafuna. Tukasubiri. Akaendelea kutafuna. Midomo yake iling'aa.

“Baba Kandida,” akasema kwa upole, “hiki tunakula, au tunakiwasha?”

Nikasema tunakula, ndivyo wanavyokula Arusha.

“Basi Arusha wana meno.”

Wakaanza kunong'onezana. Nikasikia neno “turudi.” Kandida kaniangalia, macho yamejaa machozi. Hapo niliogopa kweli. Nikasahau hata Arusha.

Ndipo Tadeo akaingia na mbuzi wa kuchoma. Alikuwa amemchinja kwake, bila idhini yangu! Mzee Xaveri akachovya nyama kwenye sosi. Akafumba macho. Akachovya tena. Bakuli likafutwa kwa vidole. Posa ikapokelewa, Kandida akalia na kucheka pamoja.

Mzee akauliza nani katengeneza sosi. Romana akafungua mdomo. Nikasimama mimi.

Jumatatu, 12 Novemba
Ushindi! Mbuzi alikuwa chombo tu cha kufikisha sosi mdomoni. Kandida kaniomba chakula cha harusi niwaachie mama yake na mjomba wake. Mtoto mwema, hataki nichoke. Nimekubali. Mimi nitashughulikia keki tu. Ghorofa tatu. Tangu asubuhi nimekaa nikilitazama gunia la mihogo kwa jicho jipya.