Vitambaa Vyekundu vya Mto Sepik

Jumanne, 4 Juni

Habari njema! Meli ya watalii inapanda mto wetu, Sepik, Ijumaa. Mzee Kambun, aliyekuwa akiiongoza kukwepa mchanga mpaka ziwani, macho yamemwisha. Kapteni anatafuta mwongozaji wa msimu mzima. Ni mimi, Alois Gawi. Nani mwingine? Miaka thelathini nimesimama ukingoni kuipungia mkono meli hiyo. Nataka, kabla sijafa, nisimame kule mbele nami nipungiwe.

Ludwina, binti wa dada yangu, naye anaitaka kazi hiyo. Nilicheka mpaka popoo niliyokuwa nikitafuna ikanitoka mdomoni. Mke wangu Bernadeta akauliza mara ya mwisho kushika kasia ilikuwa lini, maana Ludwina anavua mtoni kila alfajiri. Maswali gani haya?

Tena kuna jambo jingine. Kwetu mpwa akifanya jambo kubwa kwa mara ya kwanza, mjomba anavaa sketi mbovu kama mjane, anajipaka majivu na kujikokota kijiji kizima achekwe. Nilishafanya hivyo Ludwina alipovua samaki wake wa kwanza. Inatosha!

Jumatano, 5 Juni

Nimeazima mtumbwi nikaikague njia kwa siri. Nimekwama kwenye mchanga saa mbili nzima. Wanawake wote wa kijiji wamepita na samaki wao, wakinisalimia mmoja mmoja. Ludwina ndiye aliyenivuta. Akasema, "Mjomba, hapa pamejaa mchanga tangu mwezi wa tatu." Nikamjibu najua, nilikuwa napima. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimetumia kichwa. Nimechana sketi nyekundu ya Bernadeta, nikapata vitambaa kumi na kimoja, nikavifunga kwenye majani marefu kuonyesha njia yote. Majani mazuri, yametulia kabisa. Kesho sina haja ya kukumbuka chochote!

Kisha nikamwambia Ludwina meli imeahirishwa hadi Jumamosi. Akanishukuru, akaniletea kambare wa kubanikwa na chapati ya unga wa sago. Nilimla kwa aibu. Nikaongeza kipande.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya msiba.

Nilipanda melini kwa heshima zote. Kapteni Maureen, mama wa Kiaustralia mwenye sauti ya radi, akanipa chai. Nikasimama mbele. Nikamwambia afuate vitambaa vyekundu tu.

Vitambaa vikatokea. Vilikuwa vinakuja kwetu! Nilikuwa nimevifunga kwenye vile visiwa vya majani vinavyoelea, mimi niliyezaliwa Sepik, na usiku mto umevichukua. Kapteni akauliza kama alama zetu huwa zinasafiri. Nikasema hizo ni za akiba. Nikaona kimoja kimenasa upande wa kushoto, nikapiga kelele: kushoto! Meli ikapanda tope, ikatulia. Watalii ishirini na wawili wakanipiga picha.

Akatokea nani? Ludwina, na nyavu zake, akiamini meli ni ya kesho. Akachomachoma tope kwa kasia, akaagiza watu wote wahamie nyuma, meli irudi kinyumenyume ikielekea kulia. Nusu saa tu, tukaelea. Akatufikisha ziwani bila kugusa chochote. Kapteni akampa kazi ya msimu mzima.

Mara yake ya kwanza kuongoza meli! Tuliporudi, dada yangu alikuwa ukingoni tayari na kopo la majivu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya. Sketi haikutafutwa mbali: Bernadeta alinivalisha mabaki ya ile nyekundu, tena kwa furaha kubwa. Nimejikokota na fimbo, nimeanguka mara tatu kama desturi inavyotaka, na mara ya nne kwa bahati mbaya. Watoto walilia kwa kucheka. Ludwina alijificha uso, kama inavyompasa mpwa, kisha akaja kunivika mkufu wa simbi, yale makombe madogo. Akaninong'oneza, "Mjomba, ule uongo wa meli ya Jumamosi niliujua tangu mwanzo. Njoo ukae nami mbele siku yoyote. Ila usiseme neno."

Nililia. Nikasema ni majivu.

Kisha meli ikaondoka, na watalii wote wakajipanga kunipungia mkono. Mimi! Nikiwa nimevaa nusu sketi. Sijawahi kuona raha kama ile.

Jumapili, 9 Juni

Padri amehubiri juu ya unyenyekevu. Nilikubaliana naye kabisa, nikiwafikiria watu kadhaa.

Jana kabla ya kuondoka Kapteni aliomba yule bibi wa majivu, yaani mimi, awepo kila safari. Tatizo ni desturi: lazima liwe jambo la mara ya kwanza. Basi Ludwina atafanya jambo jipya kila meli ikija, yaani kila baada ya wiki mbili. Bado sijamwambia. Nimeamua aanze kwa kuua mamba.

Mamba mwenyewe nimeshampata, mkubwa, analala kwenye majani karibu na nyavu za Ludwina. Nimefunga kitambaa chekundu pale pale tusije tukampoteza. Majani mazuri, yametulia kabisa.