Ombi la Kuiondoa Saba na Mbili Katika Orodha ya Karata Dhaifu

Namakwekwe, Mbale
Ijumaa, 6 Machi 2009

Kwa Bi Topista Nambozo,
Katibu, Chama cha Karata cha Jumamosi

Mheshimiwa Katibu,

Natumaini u mzima, na paa la hoteli yako halivuji tena juu ya meza yetu. Naandika kwa Kiswahili ili Afande Ojok naye asome bila mkalimani, maana malalamiko yanamhusu.

Wiki mbili zilizopita Afande alibandika ukutani karatasi iitwayo "Karata Dhaifu za Kuanzia". Sote tunamheshimu. Ndiye aliyetuletea poka kutoka Iraki alikokuwa mlinzi, akatufundisha kwamba kila mtu hupewa karata mbili, nyingine tano hufunuliwa mezani, na mwenye mbili dhaifu huzitupa mapema asipoteze buni zake, hizi punje za kahawa tunazochezea badala ya fedha. Lakini iliyo dhaifu kuliko zote katika karatasi hiyo, tena imepigiwa mstari mwekundu, ni saba na mbili. Ninapinga kama ifuatavyo:

1. Saba na mbili ilikuwa karata ya marehemu mke wangu, Khainza. Hakuitupa hata siku moja. Afande alipomwambia, "Mama, hiyo si karata, hiyo ni homa," alimjibu, "Mwaka ule wa vita sikutupa hata ganda la muhogo, leo nitupe karata mbili nzima?" Akaweka buni zake, akashindwa, akacheka huku ameziba mdomo kwa leso kuficha pengo la jino lake la mbele.

2. Karatasi inataka walio dhaifu mwanzoni watupwe. Nilipomposa Khainza kule Jinja nilikuwa karani wa kiwanda cha nguo, mwenye suruali moja na baiskeli ambayo mnyororo wake ulikuwa wa kuazima. Baba yake alikuwa na kila haki ya kunitupa. Yeye alisubiri kwanza aone zitakazofunuliwa mezani.

3. Vita vilipokwisha, mji wetu ulikuwa na nini mkononi? Maduka bila chumvi, nguzo za taa bila taa, na shule moja niliyoiona ikigawana kipande cha chaki na jirani yake. Kwa hesabu ya Afande, Mbale ilikuwa saba na mbili. Je, tungeitupa? Na Uganda nzima, je? Naomba ajibu kwa maandishi.

4. Sasa ushahidi. Tangu tulipomzika Khainza mwezi wa Januari, nimepewa saba na mbili mara nne, na mara zote nne nimeshinda. Naweka buni zangu, naangalia meza. Afande anashusha pumzi, anatupa zake. Wewe unatupa zako. Bwana Gidudu anatupa zake kabla hajazitazama. Nimeshinda buni nyingi hata nafikiria kutafuta ghala kule kwenye viwanda. Karata inayowatisha watu wazima watatu, mmoja wao mlinzi wa Iraki, haiwezi kuitwa dhaifu.

Kwa hiyo naomba saba na mbili ifutwe katika orodha. Ipandishwe cheo iwe juu ya ree mbili, ambazo Afande anasema hakuna mkono wa kuanzia unaozishinda. Na atakayeitupa aandike barua ya kujieleza, nakala mbili.

Nisipokubaliwa, itanibidi niache kuja, nikae nyumbani Jumamosi, ingawa nyumbani siku hizi pamekuwa kimya mno.

Nisalimie mama yako, wapishi wote, Bwana Gidudu na goti lake, na Afande pia, kwa kiasi.

Ni mimi mwanachama wenu mtiifu,
Yokana Wamboga

Nyongeza, Jumamosi jioni: Leo nilikuja na barua hii mfukoni, nikaona haya kukupa. Saba na mbili ilinijia tena, mkatupa tena wote, nikashinda. Ulipokwenda kuleta chai nilikusanya karata, nikafunua zile alizotupa Afande. Ree mbili, ya kopa na ya shupaza. Nilizitazama mara mbili. Basi ombi langu nimelifuta. Afande yuko sahihi, karatasi ibaki ukutani. Khainza mlimshinda kila wiki bila kumwonea huruma. Jumamosi ijayo nitakuja. Naomba mnishinde.