Joka Lililomeza Adhuhuri

Jumamosi, tarehe 3 Agosti

Siku ya utukufu!

Chama chetu cha wapenzi wa katuni na hadithi za majoka kimekutana saa nane mchana, chumba cha juu ya duka la Mfamasia. Tulikuwa wanne, kama kawaida. Kila mtu anapendekeza kitabu kimoja na kumtetea mwandishi wake. Mwalimu wa Hisabati kaanza. Siku zote anaanza yeye. Kaleta katuni ya juzuu tatu kuhusu malkia anayefuga dhoruba. Watu hoi. Wiki iliyopita hoi, wiki ya juzi hoi. Mimi mara ya mwisho nilipopendekeza kitabu, Mfamasia alisinzia.

Leo sikuwa nimesoma chochote. Ikanijia tu mdomoni. Nikasema kuna mwandishi mmoja mpweke, hapigwi picha, anajiita Mzee wa Chumvi. Katuni yake inaitwa Joka Lililomeza Adhuhuri. Joka linameza saa sita ya mchana, mji unabaki na asubuhi isiyokwisha, na binti mmoja anaingia kooni mwake na ufunguo wa saa kwenda kuurudisha mchana.

Mwalimu kakiri hajawahi kumsikia mtu huyo. Yeye! Hajawahi!

Fundi Saa, rafiki yangu wa miaka mingi, kaondoka bila kumaliza chai. Nadhani kazidiwa na uzuri.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Mfamasia anakitaka kitabu. Nimemwambia kiko kwa mjomba. Mke wangu kauliza mjomba yupi, maana wajomba zangu wote anawajua na hakuna anayesoma hata maandishi ya kwenye kopo. Mwanamke huyu angefaa kuwa hakimu.

Lakini mimi si ninafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala? Bosi alipokwenda kula, nikatengeneza jalada. Joka, jua, herufi kubwa. Nikalibandika juu ya kitabu kilichosahauliwa na mteja, cha ufugaji wa kuku. Nikakifunga kwa karatasi ya nailoni na kumkabidhi Mfamasia, kwa sharti asikifungue hadi Jumamosi, tukifungue wote. Nimepata siku tano. Katika siku tano lolote laweza kutokea. Mfamasia anaweza kupata uhamisho.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilipitia kwa Fundi Saa kuchukua saa yangu niliyompa abadilishe mkanda. Kanipa imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Nikakifungua nje, barabarani. Mchoro wa wino. Joka limelala juu ya mapaa, koo lake linang'aa kama taa ndani ya chandarua. Chini kabisa, binti mdogo na ufunguo.

Nikarudi ndani. Nikamuuliza hii nini. Kajibu bila kuinua kichwa, kioo chake cha kukuzia kikiwa jichoni. Kasema alikuwa akiichora kwa miaka kumi na mmoja. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Alipanga kutuletea Jumamosi hii. Kumbe kuna mtu alishaiandika, tena bingwa.

“Bora nimejua mapema, kabla sijajiaibisha,” kasema. “Nakushukuru, ndugu yangu.”

Kanishukuru! Mimi!

Hapo ndipo nikakumbuka. Mwaka jana, mvua ilinizuia dukani kwake mchana mzima. Akanisimulia joka, binti, ufunguo, kila kitu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Mimi nilikuwa nikiangalia kama mvua imekatika. Nilisahau kwamba nimesimuliwa. Sikusahau hadithi.

Nilipaswa kusema pale pale. Nikasema, “Pole.” Nikaondoka na saa yangu.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nilikwenda kukiri. Naapa. Hotuba nilikuwa nayo mfukoni.

Fundi Saa hakuja. Mfamasia akafungua kitabu, akakohoa, akatusomea kwa sauti sura ya kwanza: dalili za kideri na namna ya kutenga kuku wagonjwa. Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitaka sakafu inimeze.

Mwalimu hakucheka. Kauliza kwa upole hadithi ile niliitoa wapi basi. Nikafungua mdomo niseme kweli. Ikatoka kwamba niliitunga mwenyewe. Mwalimu kasimama, kanipa mkono. Kasema nina kipaji, na nikiificha hadithi kama ile nitakuwa nimewadhulumu wasomaji. Miaka sita nimengoja mkono ule!

Nimeuangalia njia nzima hadi nyumbani. Ulikuwa mkono wangu tu.

Mke wangu kauliza nina nini. Nikamweleza. Hakunigombeza. Kanipa viatu vyangu.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Nilimkuta Fundi Saa kibarazani kwake. Nikasema yote, hata ya kuku. Hata ya mkono wa Mwalimu.

Akauliza, “Kwa hiyo hakuna mtu aliyeiandika?”

Nikamwambia hakuna. Ni yeye peke yake, duniani kote.

Uso wake ukafunguka kama wa mtoto. Nusu dakika hivi. Halafu akakumbuka, akaniambia kwamba tangu Jumatatu anafungia saa za wateja kwa kurasa zile, na nyingine aliwashia jiko. Zimebaki thelathini na moja.

Ningefurahi angenipiga. Kanikaribisha chai.

Jumatano, tarehe 14 Agosti

Siku tatu napita nyumba za wateja wake. Bosi anajua naumwa tumbo. Nimepata kurasa tisa. Moja ilikuwa imekunjwa chini ya mguu wa meza. Moja ina alama ya sufuria. Mshonaji wa mapazia kabandika yake ukutani na kakataa katakata kunirudishia mpaka nimwambie binti alitoka kooni au hakutoka. Nikasema sijui. Kasema basi karatasi inabaki.

Nikampelekea Fundi Saa habari hiyo. Kauliza ni ukurasa upi. Nikamweleza. Kageukia dirisha, kasema ule ulimchukua miezi miwili.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Nimekiri mbele ya chama. Mwalimu hakunipa mkono. Kurasa arobaini zimetandazwa mezani, tukazisoma tumeinama, tukiruka mashimo. Mfamasia kasema hajawahi kuona joka la kuhurumia namna ile. Wakamsihi Fundi Saa achore upya zilizopotea. Kasema hapana. Mkono umeanza kutetemeka, na miaka kumi na mmoja mingine hana. Kakusanya karatasi zake taratibu. Sifa zetu kaziona za kumliwaza tu. Sisi ni marafiki zake, kasema, tungesema nini kingine?

Nimeumia.

Ijumaa, tarehe 30 Agosti

Mambo yamenyooka! Wiki iliyopita Fundi Saa alipata barua kutoka ng'ambo, kwa mchoraji mkongwe wa katuni, mtu asiyemjua kabisa, aliyeona ukurasa mmoja kwa bahati na kukosa usingizi. Barua ya kurasa nne. Nimeiandika mimi, kwa mkono wa kushoto, na muhuri wa posta ya ng'ambo nimeuchapa kwenye mashine ya dukani. Nilipita dukani kwake jana: kanunua wino! Kachora ukurasa mzima, mkono ukitetemeka, na joka limependeza zaidi kwa kutetemeka.

Leo kanionyesha jibu alilomwandikia, kaniomba nilitie posta. Anasema amejiwekea akiba. Anauliza kama anaweza kwenda kumtembelea mkongwe huyo mwezi wa kumi na mbili.

Nimeshamjibu, kwa mkono ule ule wa kushoto. Nimemwambia karibu sana, nyumba yangu ni kubwa.