Picha Tano za Utosi Wangu

Jumamosi, 13 Aprili

Siku ya picha. Picha tano, kama karatasi ya kliniki inavyoagiza: mbele, kulia, kushoto, utosini, kisogoni. Mwanga uleule, mahali palepale, nywele ziwe kavu. Nywele gani? Karatasi haisemi.

Leo zimetimia wiki nane tangu nipandikizwe. Walizitoa nywele kisogoni wakazihamishia mbele, moja moja, kutwa nzima, mimi wananigeuza kifudifudi na chali kama samaki kikaangoni. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mtu. Halafu zikaanza kudondoka. Kwenye mto. Kwenye taulo. Kwenye chai! Sista wa kliniki alinionya siku ileile: zitadondoka zote, nisiogope, mizizi inabaki, zitaanza kuota mwezi wa nne. Nikauzungushia mwezi wa nne kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Sasa ndio huu, tumefika tarehe kumi na tatu, na hakuna kitu. Kichwa kinang'aa kuliko bidhaa za dukani kwetu, na dukani kwetu tunauza vioo.

Mpiga picha ni mke wangu. Anapanda juu ya beseni lililopinduliwa, ananiambia nitulie. Kesho anasafiri kwenda kwa mama yake, siku kumi. Safari hiyo ilikuwa ya mwezi wa pili, akaiahirisha. Likizo yake yote iliishia kuninyunyizia maji ya chumvi kichwani na kunizuia nisijikune. Hakulalamika hata siku moja. Hapo ndipo roho inaponiuma. Hizi nywele zikiwa zimekufa, nitamwambia nini? Kwamba alimnyima mama yake likizo nzima kwa ajili ya kipara kilekile?

Chanzo chenyewe ni shikamoo. Mwaka jana, kwenye foleni ya benki, mwanamke mmoja kaniamkia shikamoo kwa adabu zote. Tulisoma darasa moja! Alikuwa anakaa dawati la mbele yangu. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje?

Jumatatu, 15 Aprili

Mke wangu kafika salama. Kaniagiza nisisahau picha za Jumamosi, na nisimsumbue mdogo wangu.

Kwenye simu tuna kundi linaitwa Shamba. Tumo watatu: Sista, mimi, na Fundi Saa, bwana tuliyepandikizwa naye siku moja, vitanda vinatazamana. Anatengeneza saa, basi kila kitu kwake ni vipimo. Picha zake anazipiga na rula pembeni. Mimi na yeye tulianza sawa, tukadondosha sawa, wiki iliyopita tulikuwa wote mayai.

Leo saa nne asubuhi kaandika: Majirani, kwangu mvua imenyesha. Kaweka na picha. Jamani! Nyeusi, zimesimama, zimebanana, hakuna hata pa kupitisha sindano. Sista kaweka makofi matatu. Mimi tangu mwezi wa pili hajaniwekea hata kidole gumba.

Kwa hiyo mwezi wa nne ni kweli, na kwake zimeota. Kwangu tu ndiyo zimegoma. Nimekata kioo cha kabati la mteja kikatoka kifupi kwa vidole viwili. Bosi kaniuliza nawaza nini. Nimesema nawaza vipimo.

Jumanne, 16 Aprili

Huenda zimeota ila hazionekani. Ni suala la mwanga. Wakati wa chakula cha mchana nimepanga vioo vitatu vikubwa karibu na dirisha, nikaingia katikati, nikanyanyua simu. Lengo: kuipata pembe moja yenye kivuli kinachofanana na nywele.

Nimepata vichwa saba. Vyote vyangu, vyote vitupu. Kimoja tu chenye nywele kingenitosha.

Nikiwa hapo, nimeinama, bosi kaingia na mama mmoja anayetafuta kioo cha bafuni. Mama kanitazama, kaitazama ile safu, kisha kauliza kwa sauti ya chini kama ni kioo ndicho kinachokifanya kichwa kiwe vile. Bosi akasema hapana, kichwa ni cha kwake. Mama kanunua kioo kidogo cha mkononi akaondoka.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepata ufumbuzi. Najishangaa nilichelewa wapi.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko mtaa wa nyuma, na mke wangu akisafiri huwa anakuja kula kwangu ili tusiwe wapweke. Ana miaka thelathini na sita na nywele za kutosha ukoo mzima. Baba mmoja, mama mmoja, kichwa kimoja. Hata zinavyozunguka utosini, ni upande uleule zilikozunguka zangu enzi hizo. Kashiba, kasinzia kwenye kochi. Nikamchana polepole, nikapiga: mbele (paji tu), kulia, kushoto, utosini, kisogoni. Kwenye ile ya kisogoni kashtuka, kauliza namfanya nini. Nikamwambia kulikuwa na mdudu.

Nimezituma Shambani na maneno machache: Kwangu kumefurika.

Sista kaweka makofi sita. Nimehesabu mara mbili, ni sita. Nimejinunulia keki, nimekula vipande viwili.

Alhamisi, 18 Aprili

Sista kapiga simu. Si kuandika, kupiga! Kasema daktari ameziona picha na hajaamini macho yake. Nywele za wiki nane, zimejaa namna ile, tangu aanze kazi hajaziona. Anatutaka mimi na Fundi Saa Jumatatu saa tatu asubuhi. Tuje bila kofia. Anataka kutupiga picha mwenyewe.

Haijaishia hapo. Kwenye fomu niliandika namba ya mke wangu kama mtu wa karibu, na Sista kampigia kumpa hongera, akamtumia na picha. Mke wangu kanitumia ujumbe: Hongera baba watoto, nilijua tu. Nimemwambia mama, kafurahi mpaka kalia.

Mama mkwe analia kwa furaha juu ya kichwa cha mdogo wangu. Nimejiona mtu mbaya. Nimeandika ujumbe wa kukiri, nikaufuta, nikaandika asante.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimejaribu wanja wa mke wangu. Vidoti vidogo vidogo, kimoja kimoja, saa mbili na nusu mbele ya kioo. Kwa mbali nilikuwa kijana. Nikaenda dukani na kofia, nikabeba kioo cha kabati hadi ghorofa ya tatu. Jasho! Wanja wote ukachuruzika usoni. Nilipovua kofia nijifute, mteja kapiga kelele akaleta barafu. Alidhani nimejigonga.

Nilianguka pia kwenye beseni, lakini hilo silielezi. La kuvunda halina ubani. Jumatatu nakwenda kuaibika, na Jumatano mke wangu anarudi.

Jumatatu, 22 Aprili

Naandika haraka, kwa raha!

Nimefika saa tatu kasorobo, kofia hadi kwenye nyusi. Fundi Saa ameshafika, naye kofia, tena ya sufu, na joto lote hili. Tumesalimiana kwa baridi. Kaniambia hongera kwa mafuriko. Nikamwambia hongera kwa mvua. Tukakaa tunaangalia ukuta.

Sista kaja na kamera, daktari nyuma yake. Kasema haya wakulima, vueni. Hakuna aliyegusa kofia. Kasema tena. Mimi nikamwambia Fundi Saa atangulie, yeye mkubwa. Yeye akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sista akazivua mwenyewe, mkono huu wangu, mkono ule wa mwenzangu.

Mayai mawili!

Daktari kaweka kamera mezani. Sista kauliza zile picha zilikuwa za nani. Nikasema za mdogo wangu. Fundi Saa kainamisha kichwa, kasema yake ilikuwa brashi ya viatu. Brashi! Kaipiga kwa karibu, na rula pembeni. Na mimi wiki nzima nimeuonea wivu ubao wenye manyoya.

Sista kauliza, watu wazima, kwa nini? Tukajibu kwa pamoja, kama darasani: si ulisema mwezi wa nne!

Akatutazama. Akakaa. Akaanza kucheka mpaka kofia yake ya kazi ikaanguka. Mwezi wa nne tangu kupandikizwa, kasema, mwezi wa nne wa kichwa, si wa kalenda! Mmepandikizwa mwezi wa pili katikati. Hesabuni wenyewe. Fundi Saa akahesabu kwa vidole, mtu wa vipimo: Machi wa kwanza, Aprili wa pili, Mei wa tatu, Juni wa nne. Kwa hiyo mwezi wa nne ni mwezi wa sita.

Daktari katupitishia kioo cha kukuzia, pole pole, kichwa baada ya kichwa. Mizizi ipo. Ngozi safi. Ndiyo kwanza ziko kwenye usingizi wake, tuko sawasawa na wakati. Kasema vichwa vyetu havina tatizo lolote kwa nje.

Nimelia. Sioni haya kuandika. Fundi Saa naye kalia, kanikumbatia, tumegonganisha vipara. Nje kaniambia nimletee saa yangu ya mkononi, ataisafisha. Bwana mwema sana yule, sijui kwa nini nilimchukia.

Jumatano, 24 Aprili

Mke wangu karudi. Nimekiri kabla hajatua begi. Mdogo wangu, vioo, wanja, vyote. La beseni nimelificha.

Kumbe anajua! Mdogo wangu alimpigia Jumatano ileile kumshtakia kwamba kaka ameanza kumchana akiwa amelala, na je, nina homa? Akaunganisha mwenyewe. Nikauliza, na mama aliyelia kwa furaha? Kasema mama alilia kwa kucheka. Walikaa jikoni na picha za shemeji wakicheka hadi maji ya uji yakakauka.

Nikamwambia ukweli wenyewe, kwamba nilimwogopa kwa sababu ya ile likizo. Kasema hakuitoa kwa ajili ya nywele. Aliitoa kwa sababu tangu ile shikamoo nilikuwa sitoki naye nje, namwachia vikao, harusi, hata soko, na alichoka kutembea peke yake na mume yuko hai. Basi. Nikitoka naye, na kipara au bila kipara, likizo yake imelipa. Halafu kasema njia ya mwongo ni fupi, nisirudie. Nimeapa. Jioni tumekwenda kutembea, bila kofia. Nimepumua kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Tangu leo, ukweli mtupu.

Jumamosi, 22 Juni

ZIMEOTA! Ndogo, laini, zimepinda pinda, ila zangu! Mke wangu kazipapasa, kasema zinamtekenya. Tumepiga picha zote tano, beseni lilelile, dirisha lilelile. Nimezituma Shambani.

Sista kajibu baada ya dakika moja: Mpe salamu mdogo wako.

Nikaapa. Kasema ni nzuri mno kuwa za kwangu. Fundi Saa, ambaye zake zimeota na zimeaminiwa (alizipiga na rula na kitambulisho), kaweka picha ya brashi. Nikatuma za pili, nikiwa nimeshika gazeti la leo. Sista kasema gazeti ni la leo, kichwa je?

Nimekaa nikafikiri. Ukweli nao unahitaji kusaidiwa. Tatizo ni kwamba zinaonekana nyingi mno. Mke wangu alipokwenda sokoni nimezilowesha, nikazilaza kwa mafuta, nikafunga pazia, nikapiga tano upya. Zimetoka chache, nyonge, za kuaminika kabisa. Nikazituma.

Sista kaamini! Hapohapo! Kasema sasa hizi ndizo za kweli, asante kwa uaminifu. Ila ni chache kuliko zinavyotakiwa katika mwezi wa nne, daktari ana wasiwasi, Jumatatu saa tatu nisikose. Na kwa vile jambo ni zito, ameshampigia mke wangu.