Kamanda wa Radi

Jumatatu, 12 Januari
Maksai wa Mzee Shigela wameibwa. Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama, nikataka tuunde kikundi cha ulinzi. Makofi! Kisha wakamchagua Polikarp, fundi baiskeli, kuwa kamanda. Kapewa filimbi na koti la mvua. Mimi nimepangiwa zamu ya usiku. Kwa baridi hii ya Sumbawanga!

Jumatano, 14 Januari
Nimepata njia. Kilabuni nimetangaza kwamba marehemu babu yangu wa Mwazye aliniachia dawa ya radi. Mwizi akipita tu, anapigwa. Kwa hiyo mimi nalinda nikiwa kitandani. Polikarp akacheka, akasema dawa yangu haiwashi hata jiko. Nikamjibu asubiri mvua, ataona. Wote walisikia. Jibu safi kabisa.

Ijumaa, 16 Januari
Nimeondolewa kwenye zamu. Watu wazima wananipa shikamoo! Salome wa dukani kanipa sukari, kakataa hela. Mke wangu Silvana kanikumbusha kwamba babu alikuwa katekista, na kwamba radi ikipiga mimi huingia chini ya meza. Wivu.

Jumapili, 18 Januari
Mvua kubwa mchana. Polikarp alikuwa akikagua njia ya ng'ombe, akajikinga chini ya mkaratusi. Radi. Amekufa palepale.
Ee Mungu wangu. Mimi nilikuwa chini ya meza, Silvana ni shahidi. Nimeshindwa kula. Baiskeli yangu alikuwa akiitengeneza bure.

Jumatatu, 19 Januari
Mazishi. Watu walinipisha njia. Hellena, mjane wake, akanifuata akaniuliza mumewe alinikosea nini, au ni ile filimbi tu? Silvana akanibana mkono, akanisihi niseme ukweli palepale, kwamba sina dawa yoyote. Nikafungua mdomo. Lakini Mzee Shigela alikuwa amenivulia kofia. Mzee mzima! Nikasema mambo mengine hayasemwi hadharani.

Jumanne, 20 Januari
Kikundi kimekuja asubuhi. Kikundi changu mimi! Nikatoroka kwa dirisha la nyuma. Nikiwa kwenye mahindi nilimsikia Silvana akipiga kelele kwamba mumewe ni mwongo tu, hajawahi kuua hata panya. Hawakumwamini. Wakawasha moto.

Alhamisi, 22 Januari
Nimekimbilia Muze, huku bondeni, kwa binamu yangu Yusto. Shemeji yangu Cornelia kapiga simu. Nyumba imeteketea. Silvana yuko hospitali, mikono imeungua alipokuwa akiokoa cherehani yake. Amesema nisimtafute kamwe. Nimelia mpaka Yusto akatoka nje.

Jumamosi, 24 Januari
Joto kali huku. Mpunga unaibwa maghalani, wanaunda kikundi cha ulinzi. Anayetaka ukamanda ni Malimi, mfanyabiashara wa mchele. Akaniuliza mimi mgeni natokea wapi. Nikamwambia Sumbawanga, na kwamba kamanda wa kule alibishana nami. Kisha nikatazama mawingu.
Malimi amejitoa. Kesho baada ya misa wananikabidhi filimbi.