Sindano Haidanganyi

Jumatatu, 1 Julai 1974
Bwana Jamleck, mwenye duka letu la redio hapa mjini, ametuita mimi na Wambua. Kanisa moja la Kileleshwa linataka kinanda cha umeme. Viwili viko tayari karakanani; kila mmoja asawazishe noti za chake, kwaya ichague Jumapili. Mshindi ndiye atakuwa mkuu wa karakana. Mkuu! Mimi nimepinda mgongo humu miaka tisa. Wambua alikuja juzi tu na tabasamu lake.

Sina wasiwasi. Nina mita ya kupima nguvu ya sauti. Nimepima noti zote arobaini na nane, sindano inasimama palepale. Wambua hana mita. Anafumba macho, anazungusha skrubu, anatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. Alipoenda chai nilipima chake. Sindano ilirukaruka. Noti nene amezipandisha kupita kiasi, nyembamba kadhaa amezishusha. Nilicheka peke yangu hadi Bwana Jamleck akauliza kama naumwa.

Jumatano, 3 Julai
Mwalimu Milcah, kiongozi wa kwaya, alipita kusikiliza. Changu kwanza. Akasema noti nene hazisikiki na za juu zinamchoma meno. Nikamwonyesha sindano: zote sawa, Mwalimu. Akajibu kwamba kwaya yake haina sindano, ina masikio. Wambua akadakia kwamba sikio halisikii nene na nyembamba kwa nguvu moja, kwa hivyo nene lazima ziongezewe ndipo zisikike sawa. Nani alimuuliza?

Kisha chake. Milcah akafumba macho, akatabasamu. Kwangu alikuwa amekunja uso. Wambua akapewa mandazi mawili yaliyofungwa kwenye gazeti. Mimi nikapewa pole. Roho inaniuma, na mandazi yenyewe yalinukia iliki.

Ijumaa, 5 Julai
Nimepata dawa. Kama masikio yake ndiyo mazuri, nitayaiba. Alipotoka kula nilifunga mlango, nikapima noti zake moja moja, nikaandika daftarini, nikaweka zangu vivyo hivyo. Kimyakimya, maana Bwana Jamleck hapendi kelele dukani. Nikavisikiliza vinanda vyote viwili, sauti chini kabisa. Mapacha. Nimeshachagua tai ya kuvaa nikiwa mkuu.

Jumamosi, 6 Julai
Wambua amepeleka kinanda chake kanisani siku nzima kabla. Eti anataka kukisikia kikiwa na sauti ya ibada. Eti sauti ikipanda, sikio nalo hubadilika, noti nene hazihitaji tena kuongezewa vile. Uongo mtupu. Amefuata mandazi. Alinialika twende pamoja, nikamwambia nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kumwonea wivu, na niliifanya hadi saa kumi na moja jioni.

Jumapili, 7 Julai
Kanisa limejaa. Milcah akaniomba nifungue sauti ili kinanda kisimezwe na waimbaji. Nikafungua. Noti nene ya kwanza, mabenchi yakatetemeka. Ya pili, ubao wa namba za nyimbo ukaanguka. Mzee Ndeti, mzee wa kanisa, akatoka nje kumwambia dereva wa lori azime injini. Lori halikuwapo.

Wambua akapiga chake. Zile nene alikuwa amezishusha jana, palepale kanisani. Kila noti ilikaa mahali pake. Nilijikuta naimba, nikanyamaza upesi. Wamemchagua yeye. Milcah alimshika mkono muda mrefu, nilihesabu. Tai ilinikaba njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 8 Julai
Mkuu mpya amenisalimia vizuri, ameniita kaka. Nimemchukia zaidi. Akasema akina mama wa maombi wa Spring Valley wanataka kinanda, na kazi hiyo ananiachia mimi. Wako saba tu, wanaimba sebuleni, sauti ya chini ili mtoto mchanga asiamke. Akanishauri nikipeleke kwanza, nikakisikilize hukohuko. Nikamwambia nina kazi.

Ushauri wa nini? Kosa langu nimelijua: nilinakili namba za zamani. Nimempata mtunza kanisa wa Kileleshwa, nimemwambia nakuja kufuta vumbi kwenye kinanda. Kesho nitapima zile noti za Wambua za Jumapili, zote arobaini na nane, na kina mama watawekewa hizohizo. Nimeshanunua daftari jipya. Na tai pana kidogo.